Mwili Ulitangulia Akili

Ikiwa umefika mahali ambapo huwezi kukaa kitini hadi mhadhiri amalize kuita majina, na kila mtu nyumbani anakuambia ni mawazo tu, nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, na niliyoyajua kuhusu mwili wangu yalikuwa machache kuliko niliyoyajua kuhusu simu yangu.

Naitwa Mumbua. Ni karani katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji. Watu wetu ni wa Makueni, lakini mimi na mume wangu Mutiso tumeishi Woodley tangu tuoane, na binti yetu wa pekee, Mwikali, amekulia hapo hapo. Januari ile Mwikali alipoingia kidato cha pili, nami nikajiandikisha kwa masomo ya jioni katika chuo kimoja mjini. Digrii nilikuwa nimeitamani tangu usichana. Somo la kwanza nililopangiwa lilikuwa utangulizi wa saikolojia ya jumla, Jumanne na Alhamisi, orofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikipenda.

Nililipenda somo lile mara moja. Mhadhiri wetu, Daktari Wambui, alikuwa mama mfupi wa makamo aliyefundisha akizunguka katikati ya viti, kwa hivyo hukuweza kusinzia wala kujificha. Alitufundisha jinsi macho yanavyotudanganya, na jinsi mtu anavyoweza kukumbuka vizuri kabisa jambo ambalo halikutokea. Nilikuwa nikirudi nyumbani namsimulia Mutiso tukila, naye ananiambia, "Kumbe hata mimi ni mwanasaikolojia, ni vile tu sijapewa cheti."

Halafu mvua za masika zikaanza, na mimi nikaanza kubadilika.

Kwanza ilikuwa joto. Watu walikuwa wakija darasani na makoti yaliyolowa, wanatetemeka kwa baridi, na mimi nimevua sweta, nimekaa karibu na dirisha, jasho linanitoka mgongoni. Kisha njaa. Nilikula chakula cha mchana ofisini, nikanunua mahindi ya kuchoma njiani, nikafika nyumbani nikala githeri sahani mbili, na bado sketi zangu zilikuwa zikizunguka kiunoni. Mikono ikaanza kutetemeka. Mwandiko wangu, ambao ofisini walikuwa wakiusifu, ukawa kama wa mtoto wa chekechea. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ngazi za orofa ya nne, ambazo Januari nilizipanda nikiongea, sasa nilizipanda nimeshika ukuta, mapaja yamelegea kana kwamba si yangu.

Ila kilichonisumbua zaidi ni kutotulia. Sijui nikueleze vipi. Ni kama mtu amewasha injini ndani yako akaenda zake. Nikikaa, nataka kusimama. Nikisimama, nataka kwenda. Nilianza kutembea kwa miguu kutoka mjini hadi Woodley baada ya masomo, nikiipita foleni ya magari ya Ngong Road, si kwa sababu nilikuwa na nguvu, bali kwa sababu kukaa tu ndani ya gari kulinitia kichaa. Nilifika nimechoka hadi mifupa, nikalala, na moyo ukagonga mto kama mtu anayebisha mlango.

Watu huona. Kanisani kwanza walinisifu. "Umekatika kweli, Mama Mwikali, unakula nini?" Baada ya wiki kadhaa sifa zikaisha, yakabaki macho. Dada mmoja wa ushirika akanivuta kando baada ya ibada akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na umeenda kupima?" Nilijua anamaanisha kupima nini. Nikaenda, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza. Mutiso hakuniuliza lolote siku hizo za kungoja. Alisalimia, akala, akatazama habari. Majibu yalipotoka kuwa sina virusi, nilimwambia akiwa anafunga viatu. Akabaki ameinama pale, kamba mkononi, kwa muda mrefu. Hakuna neno lililotuumiza kama kile kimya, na hatukuwahi kukizungumzia hadi miezi mingi baadaye.

Darasani walikuwa na jibu lao. Tulikuwa tumegawanywa katika vikundi vya majadiliano, na mimi nilikuwa na vijana wanne ambao wangeweza kuwa watoto wangu. Mmoja wao, Njeri, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Kitisuru, alikaa karibu nami siku zote na kunishirikisha njugu zake.

"Anti Mumbua," aliniambia siku moja, "usikasirike, lakini hiyo ni wasiwasi. Si tulisoma? Moyo kwenda mbio, jasho, kukosa usingizi. Wewe ni kitabu kabisa."

"Wasiwasi wa nini sasa?"

"Masomo, kazi, familia. Umebeba vitu mob."

Ilikuwa na maana. Nilimwona mshauri wa wanafunzi, kijana mpole, akanifundisha kupumua: vuta polepole, shikilia, achia. Nilipumua. Nilipumua hadi nikachoka kupumua. Moyo haukunisikiliza. Nikaanza kufikiri kwamba hata kutulia nimeshindwa, na hilo likaniongezea jambo jingine la kuhangaikia.

Nyumbani nilikuwa mtu mgumu kuishi naye. Jumapili moja Mwikali alikuwa akikoroga chai, kijiko kinagonga kikombe, na sauti ile ikaniingia kichwani kama msumari. Nilimpokonya kikombe nikamwaga chai kwenye sinki. "Unanitafutia wazimu ndani ya nyumba yangu?" Mtoto alinitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Akaenda chumbani, akafunga mlango polepole sana, jambo lililoniuma kuliko kama angeubamiza.

Mutiso alisubiri hadi nikakaa. "Mama Mwikali," akasema, "hiyo saikolojia yako inakuharibu. Ulikuwa sawa kabla ya kuanza kusoma vichwa vya watu. Sasa hulali, huli vizuri—"

"Nakula kuliko nyinyi wote!"

"Unaona? Hata kuongea na wewe siwezi. Achana nayo. Digrii haina haraka. Sisi tunakuhitaji ukiwa mzima."

Nilitaka kubisha, lakini sikuwa na nguvu, na ndani yangu niliogopa kwamba anasema kweli. Tukakubaliana niende Alhamisi, nimwambie Daktari Wambui naacha, niage wenzangu, basi.

Alhamisi ile somo lilikuwa kuhusu hisia. Daktari Wambui aliingia na swali kabla hata ya kuweka mkoba. "Unatetemeka kwa sababu unaogopa, ama unaogopa kwa sababu unatetemeka?" Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alisema kuna wasomi waliobishana juu ya jambo hilo maisha yao yote, na kwamba leo hatutaamini mtu, tutajipima wenyewe. Tukae wawili wawili, tutulie kimya, kila mmoja ahesabu mapigo ya mwenzake kwenye kifundo cha mkono. Baadaye angetushtua kwa namna ambayo hakutuambia, tuhesabu tena.

Njeri alinishika mkono. Nilimwona akihesabu kwa midomo, akaacha, akaanza upya.

"Anti, mimi ndio sijui kuhesabu ama?" Akamwita kijana wa nyuma yetu. "Hebu mshike."

Yule naye akahesabu. Mapigo yangu, nimekaa, sijashtuliwa na chochote, yalikaribia kuwa mara mbili ya ya Njeri. "Anti anatuogopa!" kijana akasema, na wachache wakacheka. Daktari Wambui akaja. Alinigusa bega, akanitoa nje kwenye korido, akanishika mkono mwenyewe akiwa anatazama saa yake. Kisha akaniambia ninyooshe mikono mbele, vidole wazi, akaweka karatasi juu yake. Karatasi ikapepea kama jani.

"Unaogopa nini saa hii, Mumbua?"

Nikafikiri kweli. "Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Nilikuwa nimekuja kukuambia naacha masomo. Lakini hilo siliogopi. Linanihuzunisha tu."

Alinitazama shingoni, pale chini ya koo. "Meza mate," akasema. Nikameza. "Sikiliza. Mimi nafundisha akili, na hii siwezi kukuambia ni nini. Lakini kabla mtu mwingine akuambie ni mawazo, na hata mimi nikiwa mmoja wao, daktari aone hii shingo, akutoe damu. Kesho. Si wiki ijayo."

Nilirudi darasani nikachukua mkoba wangu. Njeri alinifuata hadi kwenye ngazi, machozi machoni, akiniomba msamaha kwa kuniita kitabu.

Nyumbani Mutiso alikuwa akinisubiri. "Umewaambia?"

"Sijawaambia. Wao ndio wameniambia." Nikamsimulia yote, nikizunguka meza kwa sababu sikuweza kukaa. Alipoelewa, alizima televisheni. "Nitaomba ruhusa kazini," akasema. "Twende wote."

Ukumbi wa kungojea wa hospitali unajua kumtesa mtu asiyetulia. Benchi la chuma, televisheni isiyo na sauti, namba zinazoitwa bila mpangilio unaoeleweka. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikaenda chooni, nikarudi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniambia, "Keti, mama, utachoka," na nilitamani kumlilia. Mutiso alishika mkoba wangu mapajani kwa mikono miwili, mtu mzima na mkoba wa kike, na kila nilipopita mbele yake alisogea kidogo kunipa nafasi, kana kwamba huenda safari hii ningekaa.

Daktari alikuwa kijana. Alisimama nyuma yangu, akanipapasa shingo, akanipa maji nimeze. "Mama," akasema, "umekuwa ukikimbia mbio ukiwa umekaa." Damu ilipotolewa na majibu kurudi, alitueleza kwamba tezi ya shingo, ile wanayoiita thairoidi, ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi na kuusukuma mwili mzima. Moyo, jasho, njaa, mapaja, hasira, vyote vilitoka mahali padogo ambapo mkufu hukaa.

Sikusikia mengi baada ya hapo. Nililia. Mutiso alikuwa na swali moja tu. "Kwa hivyo si masomo?"

"Si masomo, mzee wangu," daktari akamjibu.

Mutiso akainamisha kichwa. Tulipotoka nje alininunulia soda, na tulipofika kwenye geti la hospitali akasema, "Alhamisi nitakupeleka mwenyewe."

Sikuenda Alhamisi hiyo wala nyingine nyingi. Nilipewa vidonge vya kutuliza moyo na vingine vya kuibana tezi, na ruhusa ya kukaa nyumbani. Mtihani wa somo ukanipita. Nilimpigia Daktari Wambui nikiwa na aibu, akaniambia, "Somo halitoroki. Septemba litakuwa hapa hapa."

Miezi ya baridi naikumbuka kwa vidonge. Nairobi nzima ilikuwa imejifunga mashuka, na mimi polepole nilianza kuhitaji sweta. Usicheke, siku nilipoomba sweta, Mwikali aliileta mbio. Usingizi ulirudi kwa vipande. Mikono ilitulia kidogo, nikaweza kumimina chai bila kuimwaga mezani. Kulikuwa na rehema ndogo kama hizo, na nakushauri uzihesabu, maana kubwa huchelewa. Mutiso alijifunza kupika ugali usio na madonge. Yule dada wa ushirika aliniletea uji wa wimbi, akakaa nami, hakuuliza kitu.

Lakini kila nilipopimwa damu, ilionekana tezi bado inabishana na dawa. Vidonge navyo vikaanza kunitoa vipele, nikajikuna mikono hadi ikawa na makovu. Jua la Oktoba lilipowaka, mimi nikiwa nimerudi darasani kulianza somo upya, daktari alisema tubadilishe njia: nimeze dawa yenye mionzi ambayo ingeenda moja kwa moja kwenye tezi na kuichoma. Akaniuliza maswali mengi, akayakagua macho yangu kwanza, akahakikisha sina mimba. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Baada ya kumeza, kwa muda nisikae karibu na watu. Nilale peke yangu. Vyombo vyangu viwe vyangu.

Nyumba yetu ya Woodley ina vyumba viwili na kuta nyembamba. Binamu yake Mutiso, Syombua, alikuwa akitunza nyumba ya watu mtaa wa Karen, na wenyewe walikuwa wamesafiri. Aliwapigia simu wakakubali nikae katika kijumba kidogo kilichokuwa nyuma ya bustani. Nilimeza dawa ile asubuhi, kidonge cha kawaida kabisa kilichotolewa kwenye chombo kizito kama kengele, na nikapelekwa Karen nikiwa nimekaa peke yangu kiti cha nyuma, dirisha wazi.

Nilidhani utulivu wa Karen ungenituliza. Uliniongezea. Ndege, miti, nyasi zilizokatwa, na mimi nazunguka kijumba kile kama kuku aliyefungwa kamba. Nilikosa hata sauti ya jirani yetu anayegombana na redio. Syombua aliniwekea chakula kwenye kizingiti, akarudi nyuma, tukasalimiana kwa mbali kama watu wa vijiji viwili. Njeri, ambaye tayari alikuwa amelipita somo lile, alijirekodi kwenye simu akinisomea mada zote, sauti yake ikikatizwa na kelele za mbwa wa kwao. Nilimsikiliza nikitembea.

Jumamosi Mutiso na Mwikali wakaja. Waliwekewa viti upande mmoja wa nyasi, mimi upande mwingine. Kisha Mwikali akainuka, akachukua kitabu changu cha saikolojia alichokuwa ameniletea, akafungua.

"Mathe!" akapaza sauti. "Kumbukumbu ni za aina gani?"

Nikajibu kwa kupaza sauti. Akauliza tena. Nikajibu. Mutiso naye akaingilia, akauliza vitu visivyokuwa kitabuni. Tulipiga kelele hadi mlinzi wa jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna shida.

"Hakuna shida," Mutiso akamwambia. "Ni masomo tu."

Baada ya hapo nikarudi nyumbani, na mwili ukageuka upande wa pili. Hilo madaktari hawakunificha, lakini kuambiwa na kupitia ni vitu viwili. Mvua za vuli zilipokuja, mimi niliyekuwa nikikimbia sasa nilikuwa najiburuta. Uso ulivimba. Nililala nikiwa nimekaa. Baridi iliniingia hata saa za jua, na maneno ya Daktari Wambui yalinifikia kana kwamba anaongea kutoka ndani ya blanketi. Walinianzishia kidonge cha kila asubuhi kabla ya kula, cha kuziba pengo la tezi iliyozimwa, na wakakipandisha kidogo kidogo. Nitakimeza maisha yangu yote. Niliwaza sana juu ya hilo, kisha nikagundua kwamba ninapiga mswaki kila asubuhi pia na sijawahi kulalamika.

Mtihani niliufanya mwezi wa Desemba, nimevaa sweta mbili. Nilipita. Si kwa kishindo, lakini nilipita, na Mutiso aliwatangazia ndugu zake wote kwa simu kana kwamba nimeteuliwa waziri.

Usije ukaacha kwenda kwa daktari kwa sababu umesoma maandishi yangu. Wasiwasi upo, na unaumiza watu kweli, na kijana yule mshauri anasaidia wengi. Ninachokuomba ni kwamba usikubali jibu kabla mwili wako haujatazamwa. Enda na mtu atakayekushikia mkoba. Na ukiambiwa ukae na huwezi, tembea. Hakuna aliyekufa kwa kuzunguka ukumbi wa hospitali.

Kuna jambo moja tezi iliniachia ambalo hakuna kidonge chake. Wiki ya Krismasi nilikuwa jikoni na Mwikali, tunapika chapati, yeye akisukuma, mimi kwenye kikaango. Kisha akauliza bila kuniangalia, "Sasa ukikasirika, nitajua aje kama ni wewe ama ni hiyo kitu?"

Nilitaka kumwambia hiyo kitu imekwisha. Lakini damu yangu bado inapimwa, kipimo cha kidonge bado kinabadilishwa, na kuna siku naamka nikiwa mkali bila sababu. "Hata mimi sijui kila mara," nikamwambia. "Uniulize."

"Nikuulize ukiwa umekasirika?"

"Eeh. Hapo hapo. Hata nikikataa kujibu."

Akafikiri juu ya hilo, akisukuma chapati iliyokuwa tayari imekuwa nyembamba kupita kiasi. Kisha akanitazama usoni kwa makini, kama daktari.

"Saa hii umekasirika?"

"Kidogo."

"Kwa nini?"

"Umemwaga unga sakafu nzima."

Akaangalia chini. Unga ulikuwa umefika hadi mlangoni. Akacheka, na mimi nikacheka.

"Hiyo basi ni wewe," akasema, na akaenda kuchukua ufagio.